Fundi Saa Mpweke Anaoa

Jumatatu, 6 Januari
"Filamu ya hali halisi haimlizi mtu kwa makusudi." Kaandika shemeji, kaka wa mke wangu, kwenye kundi la familia, mbele ya wakwe zangu wote! Mtu niliyemfukuza kazi ya kunishikia maikrofoni! Nakanusha. Sikumwambia Mjomba alie. Nilikata vitunguu karibu yake, basi. Vitunguu halisi. Machozi halisi. Na filamu yangu juu ya Mjomba, *Fundi Saa Mpweke*, imo kati ya kumi na tano zinazowania tuzo kubwa kuliko zote. Ya shemeji iko wapi?

Jumanne, 7 Januari
Balaa. Mjomba anaoa! Mama wa duka la vitambaa aliitazama filamu, akalia, akampelekea saa aitengeneze. Saa isiyoharibika hata kidogo! Harusi Jumamosi. Kura za tano bora zinafungwa Jumatatu. Nimemsihi aahirishe siku tatu tu. Kaniuliza kama yeye ni mjomba wangu au bango langu. Nimemwomba arudie kwa uchungu zaidi, nikawasha kamera.

Alhamisi, 9 Januari
Kesho waamuzi wanazungumza na Mjomba kwa video. Nimeandaa kila kitu. Shati kuukuu. Saa zote za ukutani nimezisimamisha, kama kwenye filamu. Mchumba atakaa nyuma ya pazia. Kakubali shingo upande: kasema hata usichanani hakuna mwanamume aliyemficha, leo anafichwa na mpwa wa bwana harusi!

Ijumaa, 10 Januari
Dakika nne za ushindi. Kisha mwamuzi mkuu akauliza upweke humzidia saa ngapi. Mjomba akatazama ukutani. Saa zote kimya! Miaka arobaini ya ufundi ikamshinda. Akapanda kiti, akaanza kuziamsha moja moja. Kiti kikayumba. Mchumba akachomoka nyuma ya pazia akipiga kelele ashuke, kesho ataolewa na nani? Waamuzi wakacheka, wakapiga makofi. Wakauliza ameishi mpweke muda gani. Mjomba, kwa fahari, akawaambia dukani kwake hapakosi watu. Ila mpwa wake aliwatoa wateja wote nje, foleni ikafika kwa kinyozi, ili apige picha ya benchi tupu.
Msaliti! Damu yangu mwenyewe!

Jumamosi, 11 Januari
Harusi. Kamera ya harusi kashika shemeji, kanenepa kwa furaha; mimi ninayo yangu. Kabla ya chakula, simu: filamu yangu imeondolewa. Mjomba aliniona uso. Alikuwa ameniwekea kiti kando yake. Akaniambia taratibu, mpwa wangu, weka kamera hiyo chini, ule na sisi. Nikaiweka. Sijui kilichoniingia. Nikala. Hata nikacheka.

Jumapili, 12 Januari
Nimeamka na filamu mpya! *Ndoa Iliyovunjika ya Fundi Saa*. Mwanzo ninao: jana, kwenye meza ya harusi, kamera niliiweka chini bila kuizima. Vitunguu vimebaki nusu gunia. Kinachokosekana ni kuvunjika tu.
Kwa hiyo nyinyi waamuzi, niwekeeni nafasi mwakani. Na wewe Mjomba, pamoja na mkeo: gombaneni kabla ya Septemba, mwisho wa kupokea filamu, tena asubuhi, upande wa dirishani. Mwanga wa pale ni mzuri.