Mwenyekiti Hazunguki

Umma wa Birmingham unatangaziwa kwamba historia ya Ulaya, tangu zama za kati hadi kuanza kwa sayansi, imejadiliwa na kamati tendaji ya Chama cha Waswahili wa Saltley na Vitongoji Vyake, na imepitishwa kwa marekebisho machache.

Marekebisho yenyewe yalikuwa busara tupu. Tauni iliyoua mamilioni iliahirishwa, kwa kuwa ukumbi hauna bima ya tauni. Matengenezo ya kanisa yalikubaliwa, ila bila mtu kupigilia hoja zake mlangoni, maana Asif, msimamizi wa ukumbi, ameupaka mlango rangi juzi tu. Mashine ya kwanza ya kuchapa vitabu ingewakilishwa na printa ya chama, ambayo nayo haijachapa kitu tangu inunuliwe. Likabaki suala moja zito: kati ya dunia na jua, nani amzunguke mwenzake.

Mheshimiwa Mselem, mwenyekiti wa chama kwa mihula isiyohojiwa, alilitolea uamuzi asubuhi ya maonyesho. Katika igizo la watoto kuhusu historia hiyo, dunia angekuwa yeye. Angekaa meza kuu, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na sayari zote, jua likiwemo, zingepita mbele yake kwa heshima.

“Mais Président,” alipinga Nabintu, mwalimu wa watoto wa Jumamosi, ambaye kwao ni Bukavu. “Hii scène ni ya Kopernikus. Jua inabakiaka katikati. Dunia ndiyo inazungukaka.”

“Mwalimu, miye sina ugomvi na huyo Kopernikus wako. Lakini itifaki ni itifaki. Mwenyekiti hazunguki.”

“But it does, Babu,” alisema Maisara, mjukuu wake, aliyevikwa karatasi za manjano awe jua. “Everybody knows that.”

“Huyo everybody si mwanachama,” alijibu Mselem, na hoja ikafungwa.

Ukweli ni kwamba siku hiyo haikuwa ya kucheza na kiti. Jioni ile ile kulikuwa na uchaguzi, na kwa mara ya kwanza Mselem alikuwa na mpinzani: Bi Mwanakhamis wa Aston, ambaye watu walimpenda bila kuagizwa. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Bila uenyekiti yeye ni nani? Ni mstaafu wa Shard End anayelowa kituo cha basi kama watu wengine. Wazo hilo lilimtisha, na Mselem akitishika huwa ana dawa moja tu, nayo ni kutunga kanuni.

Kwanza kura ya siri ikafutwa kwa kukosa uwazi. Badala yake, wanachama wangejipanga mstari mbele ya mgombea wamtakaye, na kengele ikilia saa kumi na moja kila mtu angehesabiwa pale pale alipo. Aliye kwenye mstari asiulizwe sababu, maana mkutano uliopita maswali yalizaa ugomvi. Kisha, ili mpinzani asipate mwanya wa kupiga kampeni, kamati ikampa heshima ya kupika pilau.

Igizo lilikwenda vizuri, isipokuwa jua lilisimama katikati ya ukumbi likakataa kusogea, na sayari, kwa kukosa maelekezo, zikaanza kulizunguka. Nabintu akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mselem alitabasamu kwa ajili ya picha, huku akinuia kuandika onyo.

Halafu akasimama kuhutubia. Aliwatambua waliofika, akawatambua waliotuma udhuru, akawatambua na wale ambao hawakutuma chochote. Ndipo akaingia zama za kati, na huko alikaa sana. Alikuwa bado hajafika kwenye darubini ya Galilei pale mlango wa jikoni ulipofunguliwa, kwani Asif alikuwa keshasema ukumbi unafungwa saa kumi na mbili, historia iishe isiishe. Bi Mwanakhamis alitoka na sufuria, akaliweka mezani, akafunua.

Harufu ya iliki na bizari haikuomba idhini ya meza kuu. Watoto walipakuliwa kwanza. Watu wazima wakanyanyuka kwa adabu, wakapanga mstari hadi mlangoni. Mselem akaimaliza sayansi yote kwa sentensi moja, akakaa kungoja sahani yake. Desturi inajulikana: meza kuu haifuati chakula, huletewa. Lakini wahudumu walikuwa ni zile sayari, na sayari zilikuwa zinakula.

Alingoja. Alikohoa. Aliona minofu mikubwa ikiondoka, mmoja baada ya mwingine, na uzalendo ukamshinda. Akafunga kifungo cha koti, akaenda kusimama mwisho wa mstari, akiwa na hakika kwamba atapishwa. Hakuna aliyempisha.

Kengele ikalia. Magloire, katibu na msimamizi wa uchaguzi, alipita akihesabu kwa kidole.

“Mustari ni moja tu,” alitangaza. “Bote beko mbele ya Mama Mwanakhamis. Na weye, Président, nimekuhesabu.”

“Miye nimefuata pilau, bwana Magloire.”

“Règlement inasema hatuulizake sababu. Ni weye uliiandikaka.”

Watu walicheka, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mselem alikitazama kile kiti chenye kitambaa cheupe. Hakikuwa mbali. Kisha akajikusanya.

“Basi kumbukumbu zionyeshe,” alisema, “kwamba kura iliyoufanya ushindi huu uwe wa kauli moja ni yangu.”

“Zitaonyesha,” alijibu Magloire.

Mstari ukaendelea kusogea, naye akasogea nao. Alipofika mbele, Bi Mwanakhamis alikuwa ameinamia sufuria, anakwangua kwa mwiko.

“Umebaki ukoko, kaka Mselem,” alisema. Miaka yote alikuwa akimwita Mheshimiwa.

“Basi nipe huo huo, Mwenyekiti,” alisema Mselem, akaupokea kwa mikono miwili.