Tanuri, Kipimo na Helmeti ya Sammy

Jumatatu, 9 Juni

Liz, shika adabu! Mimi nilikuwa nachoma vyungu kabla baba yako hajapeleka ng'ombe kwa kina mama yako. Leo unanipa kitabu chenye mistari niandike moto umewashwa saa ngapi, umezimwa saa ngapi. Moto ni mgonjwa wa kulazwa?

Haya. Naandika. Nilifika darasa la tatu na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Liz ni mke wa mwanangu Job, fundi wa vyuma. Ndiye meneja wa kiwanda chetu hapa Rangwe. Tunatengeneza vyungu vya jiko, ule udongo unaokaa ndani ya bati na kushika makaa. Nyangi, Mkuria aliyeolewa huku, anafinyanga kwa kalibu, chombo kinachoupa udongo umbo. Mimi ni moto. Miaka thelathini, moto ni wangu.

Leo Liz katangaza: mteja wetu Nasteha anakuja Alhamisi kutoka Isebania kutukagua. Ati mzigo uliopita vyungu vilikataa kuingia kwenye bati. Akiridhika, tuna kazi mwaka mzima. Asiporidhika, anahamia kwa wengine. Na kosa likiwa la moto, moto atapewa Nyangi.

Nyangi! Mtu anayeunguza maji ya chai!

Nikasema kosa ni la kalibu. Nilisema kwa sauti, hata walio barabarani wasikie.

Ukweli nauandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Siku ya kuchoma mzigo huo niliondoka saa sita kwenda matanga Asumbi. Moto ukamaliza kuni, ukafa. Udongo usioiva hausinyai, unabaki mkubwa. Najua. Lakini kule walichinja fahali wawili. Wewe ungebaki?

Kuna mahali pa kuandika idadi ya vyungu vinavyosubiri kuchomwa. Nimeandika: Vipo. Mama yangu alinionya, chungu kikihesabiwa kabla ya moto kinapasuka kwa hasira. Nasteha akitaka idadi aje avitazame.

Jumanne, 10 Juni

Liz kabandika makaratasi kila mahali. Moja limeandikwa NJIA YA KUTOKEA, na mshale. Kiwanda hakina kuta pande tatu! Mtu atashindwaje kutoka?

Ati pia ni lazima kuvaa kofia ngumu. Kaazima helmeti mbili za bodaboda. Ya kwangu haina kioo. Ya Sammy, kijana wa bodaboda, yenye kioo, kachukua Nyangi. Bila kuuliza. Mimi ndiye mkubwa hapa!

Alasiri Liz kaniambia nipime mzigo ulio tayari, uliotoka kwenye moto ule ule wa siku ya matanga. Kipimo ni ubao wenye tundu la duara, tulipewa na Nasteha mwenyewe. Chungu kikipita, kizuri. Kisipopita, kibaya. Nikapima kimoja, kikagoma. Cha pili, kikagoma. Nikaenda mpaka mwisho wa mstari. Yawa! Vyote vina kiburi.

Nikakaa chini, nikafikiri. Vyungu ni vingi. Kipimo ni kimoja. Kipi ni rahisi kurekebisha?

Nikachukua tupa ya Job.

Jumatano, 11 Juni

Vyungu vyote vimepita! Vinapita kama mbuzi kwenye ua uliobomoka. Liz kanikumbatia, kaniita injinia. Nikamwambia asirudie, nitazoea.

Nyangi akakunja uso. Ati jana alipokuwa hana kazi alijaribu kupitisha helmeti ya Sammy kwenye hilo tundu, ikakwama. Nikamuuliza ni mtu mzima gani anayepitisha helmeti kwenye tundu. Akasema atanionyesha. Akiwa ameivaa! Akainamisha kichwa, akasukuma. Ubao ukapita mpaka shingoni. Akasema, umeona, Mama Job? Tundu limeongezwa!

Kisha akataka kuuvua.

Kioo cha helmeti kilikuwa kimefunguka, kikagoma kufunga. Ubao haupandi. Kifungo cha kidevuni kina kutu, helmeti nayo haitoki. Tukapaka sabuni. Tukapaka mafuta ya kupikia. Nyangi akanukia maandazi, lakini alikuwa palepale.

Sammy kaitwa, kakataa ukanda wa helmeti yake ukatwe, ati polisi watamshika. Liz naye kakataa ubao ukatwe, ati ni mali ya mteja. Mimi nikashauri tukate nywele. Hakuna aliyenisikiliza.

Nyangi kaenda nyumbani hivyo hivyo. Nasikia atalala amekaa, na mumewe kamwomba tu afunike kioo kwa sababu ya mbu.

Alhamisi, 12 Juni

Nasteha alifika saa nne. Mwanamke mwembamba, viatu safi, kalamu mbili. Akasalimia vizuri. Akasoma NJIA YA KUTOKEA, akatazama kushoto, akatazama kulia.

Kisha akauliza kipimo kiko wapi.

Liz akaangalia ardhi. Nyangi akatokea nyuma ya tanuri, helmeti kichwani, ubao shingoni, mikono nyuma kama askofu.

Nasteha akauliza kama huo ndio utaratibu wetu. Nikawahi kujibu. Nikamwambia, binti yangu, hapa kwetu kipimo hakiachwi ovyo, kina mtu wake.

Akatoa futi yake mkobani, akapima tundu Nyangi akiwa humo ndani. Limezidi milimita sita. Nikasema mbao huvimba mvua zikinyesha. Nyangi akanguruma humo ndani ya helmeti, ubao huvimba ukiwa na alama za tupa? Nikasema ni panya.

Ndipo Nasteha akaomba kitabu cha tanuri.

Liz! Liz wa mwanangu! Akakitoa chini ya kiti changu akampa kwa mikono miwili, uso unang'aa. Ati Mama ameandika kila siku, hajaruka hata moja.

Nasteha akasoma amesimama. Akavuta kigoda akasoma ameketi. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani ni malaria. Machozi yakamtoka. Akainua macho akaniuliza, Mama, hao fahali walikuwa wanono?

Nikamwambia ukweli. Mmoja tu.

Ijumaa, 13 Juni

Hukumu imetoka kwa simu. Liz kaiweka sauti kubwa tusikie wote.

Nasteha anasema amekagua viwanda vingi. Kila kitabu kinasema moto ulikuwa sawa kila siku, na kila mzigo umepinda. Hiki chetu ndicho cha kwanza alichokiamini. Ametupa wiki mbili. Mzigo wote urudi tanurini uive, upimwe tena. Ukipita, kazi ya mwaka ni yetu.

Mimi nabaki kuandika kitabu, atakisoma kila mwezi. Pia nimekabidhiwa kipimo kipya alichotuachia jana. Cha chuma.

Moto kapewa Nyangi.

Nyangi! Shingo bado ina alama ya ubao, Nasteha mwenyewe ndiye aliyemkatia jana ukanda wa helmeti ya Sammy kwa kisu cha mkobani. Kawasha mara tu simu ilipokatika. Hajatoka hata kunywa uji. Moto wake unawaka sawasawa. Moshi wake sijaupenda.

Nimekitazama kile chuma mchana kutwa. Tundu likipungua kidogo tu, kama unene wa ukucha, vyungu vya Nyangi vitagoma vyote, na moto utarudi kwa mwenyewe. Haya nayaandika kwenye ukurasa wa nyuma kabisa. Wakaguzi huanzia mbele, huku hawafiki.

Job, njoo kesho na mashine ya kuchomelea, kabla mkeo hajaamka.