Makoti ya Maharamia wa Manda

Halfan alikuwa sokoni Makambako akimsaidia Ashura kufungua belo la mitumba, msaada wenyewe ukiwa wa maneno matupu, alipomwona Mzungu mmoja mwenye kofia ya majani akinusa kifungo. Alikinusa, akakigonga kwenye jino, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akalirudisha koti kwenye rundo.

"Plastiki," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mimi nataka cha pembe."

Ashura alimjibu kuwa koti linauzwa na vifungo vyake, asiyevitaka aache. Lakini Halfan alikwisha kusikia harufu ya riziki. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa na kila mwenye kinywa anajiita mfanyabiashara, na Halfan alijaliwa kinywa cha kuwatosha watu watatu. Alikwisha kuuza dawa ya nywele kwa wenye vipara. Alikwisha kuuza siti za basi lililokuwa gereji, halijafungwa injini. Kifungo hakuwahi kuuza, ila hakuona sababu ya kushindwa.

"Pembe ya ng'ombe au ya mbuzi, bosi wangu?" aliuliza.

Mzungu aligeuka, macho yakamng'aa. Aliitwa Gerard, mtaalamu wa visima aliyekaa Njombe. Kila Pasaka yeye na wenzake walishuka Manda, wakakodi mashua ziwani na kuigiza maharamia wa zamani, wale wezi wa baharini waliokuwa wakiteka meli. Nao hawakutaka utani katika jambo hilo. Kila vazi lilipaswa kuwa kama lilivyokuwa miaka mia tatu iliyopita: shati la kitani, koti refu lenye mikono iliyokunjwa, kofia ya pembe tatu, mkanda wa ngozi, na kila mshono wa mkono. Mwaka uliopita fundi mmoja aliwaletea makoti yenye zipu.

"Zipu," alisema Halfan, akishika kifua. "Bosi, hao wamekudharau. Ukoo wetu, upande wa mama, ndio waliokuwa wanawashonea."

"Wanawashonea nani?"

"Maharamia."

Gerard alicheka, lakini alitoa mchoro mfukoni na pesa ya utangulizi juu yake. Kama aliamini au hakuamini, Mungu anajua. Mtu aliyehangaika miaka kutafuta kifungo cha pembe hamhoji sana anayemwahidi kumletea.

Mzungu alipoondoka, Ashura aliweka mikono kiunoni.

"Umeshamdanganya mtu wa watu."

"Nimepata kazi, Ashura."

"Kazi gani? Itaje kwa neno moja." Halfan alianza na maneno kumi. "Unaona? Baba anakuja baada ya Pasaka. Yule wa Mbeya aliyeleta posa ni dereva. Neno moja, baba anaelewa, anakunywa chai yake. Wewe nikianza kukueleza tutalala hapo hapo. Mimi nakutaka wewe, Halfan, lakini sina la kumwambia."

Hilo lilimchoma kuliko alivyotaka lionekane. Alimpenda Ashura kwa kweli, na katika mambo yake yote hilo ndilo pekee ambalo hakuhitaji kulitia chumvi. Ashura naye, pamoja na ukali wake, alimfungia mashuka ya kitani na makoti mazito kutoka kwenye belo. "Chukua ukafanyie hiyo kazi isiyo na jina," alimwambia. "Baba akija, uwe na neno."

Halfan alianza kwa njia ya mkato, kama ilivyo desturi ya watu wa heshima katika fani yake. Alimpa fundi wa stendi ashone shati moja kwa cherehani, akalisugua vumbi, akampelekea Gerard kwa majaribio. Gerard alitoa kioo cha kukuzia na kuufuata mshono polepole, kutoka kwapani hadi kwenye pindo.

"Hatua zote sawasawa," alisema. "Mkono wa mtu huchoka, Bwana Halfan. Huyu hakuchoka. Hii ni cherehani."

Ikabidi itafutwe mikono inayochoka. Ndipo Halfan aliposikia habari za Mama Telesia na wenzake, kinamama wa Njombe waliofundishwa na masista kushona kwa mkono vitambaa vya altare. Zamani walikuwa wakishonea nusu ya mji. Tangu mitumba ianze kushushwa kwa malori, walikaa kwenye chumba chao karibu na misheni wakisubiri wateja ambao hawakuja.

Tatizo lilikuwa malipo. Halfan hakupenda kulipa, lilikuwa jambo la kimaumbile, kama wengine wasivyopatana na maziwa. Alitafakari njia nzima ya basi, na aliposhuka Njombe jina lake lilikuwa Patrick.

"Kamwene, mama. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mwanangu."

Patrick alieleza kwa sauti ya chini kwamba ametumwa na waumini wa Makambako. Siku ya Ijumaa Kuu wataigiza mateso, na wana upungufu wa mavazi ya wale wanyang'anyi waliosulubiwa. Akatandaza mchoro wa Gerard, sehemu yenye meli akiwa ameikunja kwa nyuma.

"Mavazi ya watu wangapi?" aliuliza Mama Telesia.

"Kumi, mama."

"Pale Kalivari walikuwa wawili."

"Hawa wengine walikuwa wanangojea zamu."

Kinamama walicheka hadi mmoja akaangusha mkasi. Mama Telesia hakucheka. Aliutazama mchoro kwa muda, kisha akamtazama Patrick kuanzia viatu hadi kofia.

"Sawa," alisema. "Kazi ya Kanisa hatuitozi hela. Ila sisi tuna utaratibu wetu. Sadaka ya mikono yetu lazima ipite altareni kwanza, pamoja na matoleo mengine, ndipo iende inakokwenda. Unakubali?"

"Hata ipite mara mbili, mama."

"Mmemsikia wote," Mama Telesia aliwaambia wenzake.

Halfan, mzaliwa wa Ujiji, alidhani ni dua fupi tu. Alijua mengi ya mjini, lakini hakuwahi kusimama nje ya kanisa la Njombe baada ya misa ya Jumapili.

Kazi ilianza, na ilikuwa kazi hasa. Pembe zilitoka machinjioni Makambako, zikachemshwa, zikakatwa vipande na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka zikawa vifungo. Mashati yaliloweshwa kwenye majani ya chai ya Lupembe yakapata rangi ya uzee. Mikanda ya ngozi ililala kwenye maji ya magome ya miti ya miwati. Aliyebeba pembe ni Patrick, aliyebeba magome ni Patrick, na aliyenuka machinjio kwenye basi akahamwa na abiria ni Patrick. Hakuwahi kufanya kazi nzito namna ile tangu azaliwe, ila alijifariji kuwa yeye ni msimamizi. Kuna siku Mama Telesia alimpa sindano ashone walau kitundu kimoja cha kifungo. Alijichoma mara nyingi kuliko alivyoshona.

Jumapili ya makabidhiano ikafika. Halfan alikaa nje ya kanisa na gunia lake tupu, akisikia kinamama wakiimba na kupeleka matoleo altareni. Mchana angemkuta Gerard stendi, angepokea malipo yaliyobaki, na jioni angekuwa Makambako akimwonyesha Ashura pesa ambazo, kwa hesabu yake, zingetosha kuwa neno.

Misa ilikwisha. Waumini hawakuondoka. Walizunguka meza moja nje ya mlango, na Mzee Hilari, katekista mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akapanda juu ya kibao. Aliuza kabichi. Aliuza jogoo. Aliuza boga. Kisha akainua koti refu jeusi lenye vifungo vya pembe.

"Koti la mnyang'anyi aliyetubu. Nani anaanza?"

Halfan alipenya watu hadi kwa Mama Telesia. "Mama, nguo hizo si ni za Makambako?"

"Ni za Makambako, mwanangu. Lakini kilichopita altareni hukombolewa mnadani, ndivyo tunavyofanya tangu zamani. Nilikuuliza ukasema hata mara mbili."

"Mimi sikujua..."

"Basi komboa. Mzee Hilari hachelewi."

Angeweza kuondoka. Lakini kule mbele aliona kofia ya majani anayoijua, na chini yake Gerard akiwa na kikapu cha mayai. Kumbe kila Jumapili alinunua mayai yake hapo mnadani. Gerard alishaweka kikapu chini, akatoa kioo, akainamia mshono wa koti. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyesamehewa dhambi zote, akataja bei.

Halfan alijificha nyuma ya mwavuli wa mama mmoja na kutaja zaidi. Gerard akilinunua koti hapo mnadani, yeye angemuuzia nini? Gerard akaongeza. Mwavuli ukaongeza. Waumini walikuwa wakigeuza shingo huku na huku, maana koti lile lilikwisha kupita bei ya ndama. Mwishowe Gerard akanyamaza, na Mzee Hilari akagonga meza.

"Limekombolewa na mwavuli. Mwavuli, njoo ulipe."

Halfan alijitokeza, ameshika pesa yote ya utangulizi.

"Patrick!" waliita kinamama kwa furaha.

"Halfan?" alisema Gerard.

Kinywa cha watu watatu kikajaribu kuitikia majina yote mawili kwa pamoja.

"Ngoja nielewe," alisema Gerard polepole. "Unanunua koti langu kwa pesa yangu?"

"Nilikuwa nakutunzia, bosi."

Kicheko kilichozuka kilimshtua hata jogoo. Mama Telesia alisubiri kitulie, akafungua ule mchoro, akauonyesha mkanda wa mnyang'anyi.

"Meli uliikunja vizuri, mwanangu. Lakini Kalivari hakukuwa na bastola."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua. Nikasema, huyu kijana ana mteja mahali, na sisi hatuna. Akituletea pembe na magome, mteja mwenyewe atakuja."

Pesa iliingia kwenye kapu la kanisa. Koti alilichukua Gerard kufidia utangulizi wake, yakaisha. Mavazi yaliyobaki aliyanunua yeye papo hapo, na kabla ya kuokota mayai yake alikwisha kuagiza mengine kwa kinamama, safari hii kwa malipo yao, kwa ajili ya wenzake wa Iringa. Halfan alibaki na gunia.

Alilikunja aende stendi, akapiga hatua chache, akarudi. "Nitamwambia nini Ashura, mwenye mashuka?" alijisemea kwa sauti. Mama Telesia alimtazama akisimama pale, akamnyooshea sindano.

"Mashuka ya mwenyewe yatalipwa na vidole vyako. Kaa hapo."

Akakaa.

Baada ya Pasaka Ashura alipanda Njombe na hasira yake yote, akiwa amemwacha baba yake nyumbani Makambako akinywa chai. Alimkuta Halfan mkekani katikati ya kinamama, shati la kitani mapajani, vidole vimefungwa vitambaa.

"Baba amefika," alisema. "Anauliza."

Halfan hakuinua macho. Kwa mara ya kwanza aliogopa kusema jambo kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Fundi," alisema.

Ashura alilichukua shati. Alishika kifungo cha pembe, akakivuta kidogo tu, kikamng'okea mkononi. Kinamama wote waliacha kushona.

Akamrudishia kifungo, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Shona tena," alisema. "Nangoja."