Kiroboto Hana Nafasi Katika Manyoya Marefu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa ratiba iliyopitishwa jana ni mimi mwenyewe, Mwenyekiti wa Kamati ya Viroboto, Utitiri na Wadudu Wengine Wasioalikwa, Makamu wake, Makamu wa Makamu wake, ambaye ametuma mwakilishi, mwakilishi huyo, ambaye ametuma salamu, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na wakuu wa idara zinazosubiri kupewa vitengo, wataalamu wa ndani, wataalamu wa nje, na wataalamu waliotoka nje kidogo kupokea simu, mama mkwe wangu mpendwa, uliyeketi mstari wa mbele na mbwa wako Pamba mapajani, mbwa wote mliohudhuria, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna mtu sijamtaja, ajitaje mwenyewe kimyakimya.

(Makofi. Mbwa mmoja alibweka na kunyamazishwa.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Mradi wa Dawa Salama ya Viroboto kwa Mbwa Wadogo Wenye Manyoya Marefu, mradi ambao nimeubuni, nimeusimamia, nimeutathmini na, kwa unyenyekevu mkubwa, nimeupa alama ya juu kabisa. Utafiti uliofanywa na ofisi yangu, ukahakikiwa na ofisi yangu na kupongezwa na ofisi yangu, unaonyesha kwamba asilimia tisini na nne ya viroboto wanaishi mwilini mwa mnyama, na asilimia sita waliobaki walikuwa safarini wakati wa kuhesabiwa.

(Mtu mmoja alicheka. Alipoona hakuna mwenzake, alikohoa.)

Mbwa mdogo mwenye manyoya marefu ana changamoto ya kipekee. Kiroboto akiingia humo anapata kivuli, chakula na makazi ya kudumu, huduma ambazo, tuseme ukweli, wananchi wengine bado tunawaandalia frimuweki ya kuzipata. Ndiyo maana tuliwaita stekiholda wote, yaani wadau, tukafanya wekshopu saba, tano kati ya hizo kando ya bwawa la kuogelea, ili kuyaelewa mazingira ya unyevunyevu.

(Makofi kutoka meza kuu.)

Wapo waliotaka kutuchelewesha. Yule daktari wa mifugo kule nyuma, aliyekosa kiti, alikuja ofisini kwetu akasema kazi hii ni rahisi. Eti mwenye mbwa ampime uzito kwanza, kisha anunue dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa wa uzito huo. Eti dawa ya mbwa mkubwa usimpe mdogo, hata ukiigawa nusu, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimsogezee kabisa. Eti ukipaka dawa ya matone, yatenganishe manyoya mpaka uione ngozi, umwagie pale katikati ya mabega asipofika kulamba, maana ukimwagia juu ya manyoya umeyapaka mafuta tu. Eti umchane kwa chanuo lenye meno ya karibukaribu, ufue na matandiko yake. Na akiwa bado mtoto, au ana mimba, au ni mgonjwa, umuulize daktari kwanza. Basi, akamaliza! Dakika tano! Nikamuuliza, "Daktari, kwa maelezo ya dakika tano, bajeti ya miaka mitatu nitaiweka wapi?" Tukamshukuru, tukamsindikiza hadi kwenye ngazi.

(Minong'ono. Watu wa viti vya nyuma waligeuka kumtazama daktari. Mmoja alimpisha akae.)

Sisi tukaja na mfumo wa kisasa. Mizani ni teknolojia ya zamani. Hata wauza vitunguu wanayo. Kamati yangu ilinunua futi za kupimia, zile za mafundi cherehani, na kila mbwa akapimwa mzunguko wa kiwiliwili akiwa katika hali yake ya asili, yaani na manyoya yake yote, kwa sababu hatuwezi kumbagua mbwa kwa kumpunguzia alicho nacho. Kwa mfumo huo tumepanga makundi matatu, na kila kundi lina dozi yake. Na kwa bahati nasibu ya wazi kabisa, iliyochezeshwa chumbani kwangu, mbwa wa kwanza kunufaika na paileti hii ya majaribio amekuwa, jamani, sikutarajia, Pamba wa mama mkwe wangu!

(Vicheko. Mama mkwe hakucheka. Aliishika kadi iliyofungwa shingoni mwa Pamba, akainua mkono.)

Mama, maswali ni baada ya hotuba.

("Mkwe wangu, mimi nitauliza sasa. Hapa pameandikwa Kundi la Tatu. Kundi la Tatu ndiyo nini?")

Swali zuri, na linaonyesha mwamko. Kundi la Tatu, mama, ni mbwa wakubwa wa ulinzi.

(Vicheko vikubwa. Pamba alijikuna sikio kwa mguu wa nyuma, akapepesuka, akaangukia mapajani mwa mama mkwe.)

Tulieni. Vipimo havisemi uongo. Pamba ana mzunguko wa sentimita themanini na moja. Anamzidi mbwa wa getini kwangu, ambaye ameshawahi kumkamata mwizi.

("Mkwe, huyu ni nywele! Humu ndani hamna mtu! Ngoja nikuonyeshe.")

Mama, tafadhali, hayo ni maji ya meza kuu.

(Mama mkwe alikuwa ameshachukua chupa ya maji mbele ya Makamu Mwenyekiti. Alimmwagia Pamba yote, kuanzia kichwani. Manyoya yalilala. Mapajani pakabaki kitu cha ukubwa wa soksi, chenye macho. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, kumbe ni yeye peke yake.")

Naomba ieleweke kwamba hilo ni suala la maji, na maji yako chini ya idara nyingine. Sisi tulimpima akiwa mkavu. Kamati haiwezi kubadilisha kundi la mbwa kila anapomwagiwa maji. Tuna utaratibu wa rufaa: anayelalamika aandike barua, tuipokee, tuijadili, na ndani ya muda mfupi, mbwa akiwa bado hai, tutamjibu.

("Akiwa bado hai! Mmemsikia? Jirani yangu mbwa wake alipakwa dawa ya dukani ya mbwa wa ulinzi, akashinda anatetemeka, mate yanamtoka kama bomba bovu. Bila yule daktari pale nyuma angekufa. Huyu wangu nimemlea tangu baba mkwe wako aondoke, ndiye ninayezungumza naye nyumbani. Na wewe unataka umwagie dozi ya jibwa?")

Mama, kwa heshima zote, tuna mpango wa mawasiliano kwa familia zitakazoathirika.

("Mpango wako uupeleke kwa mke wako. Tone moja likimgusa Pamba, binti yangu anarudi kwangu leo leo. Na asiporudi, nahamia kwenu.")

(Makofi ya akina mama, ya muda mrefu. Mheshimiwa alijipangusa uso kwa karatasi za hotuba. Msaidizi wake alipanda jukwaani na sinia lenye chupa ya buluu, kama ratiba ilivyosema, na kamera zikasogea.)

Si sasa hivi. Rudisha. Nimesema rudisha, kijana, usiniwekee chupa mbele ya mama.

("Iache hapo hapo! Hiyo ndiyo dawa yenyewe? Daktari, njoo usome kibandiko! Mpisheni daktari!")

Hapana haja ya daktari. Keti, daktari, umepewa kiti, kikalie. Ndugu zangu, nadhani umefika wakati wa kuingia katika sehemu ya shukrani, ambayo nilipanga itoke kesho kutwa kwenye magazeti, lakini mazingira yanabadilika na kiongozi lazima awe na kapasiti ya kubadilika nayo.

Nawashukuru wafadhili kwa magari.

Namshukuru mtunza ghala letu la dawa, mtu mwaminifu, ambaye kwa miaka mitatu ya maandalizi hajapoteza hata chupa moja, na uaminifu wake umerahisishwa sana na ukweli kwamba hakuna chupa iliyowahi kuingia. Namshukuru mkandarasi wa Kituo cha Tiba, jengo lile la ghorofa mbili mnaloliona kwenye bango nyuma yangu. Ni mchoro mzuri, na mchoraji tumemlipa. Nawashukuru wataalamu wetu kumi na wawili wa maabara, ambao wangefanya kazi nzuri sana kama tungewaajiri.

(Mpiga picha alishusha kamera.)

Na kwa namna ya pekee namshukuru katibu muhtasi wangu, ambaye asubuhi ya leo, bila posho, aliijaza chupa hii maji ya bomba na kuipaka rangi ili ionekane vizuri pichani. Mama mkwe wangu, nasema mbele ya wote hawa: Pamba hataguswa na dawa ya Kundi la Tatu, wala la Pili, wala la Kwanza, kwa sababu dawa haipo. Kamati ipo. Futi zipo. Mimi nipo. Dawa haikuwahi kuwepo hata siku moja, na kwa hiyo natangaza kwa fahari kwamba mradi wetu ndio salama kuliko yote ya aina yake: hakuna mbwa hata mmoja aliyedhurika!

(Mama mkwe aliinyooshea kidole chupa ya buluu. Kisha akauliza, "Haipo kabisa? Hata ghalani?")

Haipo kabisa, mama. Naapa.

("Alhamdulillahi! Ahsante Mungu!" Mama mkwe alisimama, akamwinua Pamba juu kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukasimama naye. Makofi, vigelegele, miluzi. Yalikuwa makofi marefu kuliko yote ya siku hiyo.)

Asanteni! Asanteni sana! Kwa miaka yote ya utumishi wangu sijawahi kupokelewa hivi. Basi tuseme pamoja: Kiroboto!

("Nje!")

Manyoya marefu!

("Yachanwe!")

Mradi!

(Hakuna aliyejibu. Mama mkwe alikuwa ameshafika nyuma ya ukumbi na kumkabidhi Pamba kwa daktari, aliyemfuta kwa shati lake na kumuuliza kama nyumbani kuna mizani. Wenye mbwa wote walipanga foleni nyuma yake, na foleni ikatokeza mlangoni.)

Mnakwenda wapi? Hamjasikia awamu ya pili! Makofi yenu nitayaripoti ngazi za juu kama impakti ya mradi! Asanteni kwa kuja! Mama, msalimie... Mama? Jioni nitamkuta mke wangu nyumbani, au?