Kanzu Nyeupe Kwenye Barabara ya Nyanza

Jumatatu, 6 Julai 1992. Nyakabanda, Kigali.
Nimeamua! Nakwenda Nyanza kwa baiskeli kumposa Alida kwa baba yake, mzee Twagirayezu, kabla ya mshindani wangu Nduwayo. Nduwayo ana pikipiki, ila petroli hana. Ashukuriwe Mungu. Tatizo ni bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani. Kitambulisho changu kina neno moja, la kabila langu, ambalo askari hawalipendi siku hizi. Jirani yangu Kamanzi alishushwa kwenye basi kwa neno hilo hilo. Hajarudi. Silali. Lakini akili ninayo! Padri haulizwi kitambulisho. Shemeji yangu Régis anaishonea parokia nguo, nami nimeazima kanzu moja. Yeye hajui.

Jumanne, 7 Julai. Kamonyi.
Nimevuka daraja la Nyabarongo. Bariyeri! Askari mmoja mrefu akainua mkono. Nikambariki upesi, kwa mkono wa kushoto. Akaniamuru nishuke. Nimekwisha, nikajua. Akanipeleka nyuma ya migomba, akavua kofia, akapiga magoti.
“Padri, niungamishe.”
Akanong'ona kwamba juzi walimpiga mtu pale pale, na miguu ya mtu yule aliishika yeye. Tangu siku hiyo kila gari likisimama anatetemeka. Hata mimi! Maneno ya maondoleo yalinitoka kichwani. Nikamwambia asishike tena miguu ya mtu. Akalia.
Kilima cha Kamonyi nimekipanda nikisukuma baiskeli. Wafalme wa zamani walibebwa kwenye machela. Watu wenye busara.

Jumatano, 8 Julai. Ruhango.
Nimepita Kabgayi, makao ya askofu! Mapadri wa kweli kila upande, kama nzige. Nikainamisha kichwa, nikakanyaga pedali. Mnyororo ukala kanzu. Nikaanguka miguuni pa sista mmoja, akauliza natoka jimbo gani. Nikasema Tanzania, kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nikakimbia.

Alhamisi, 9 Julai. Nyanza.
Nimefika kwenye vilima vya wafalme! Mzee Twagirayezu akanipokea kwa mikono miwili. Kabla sijafungua mdomo, akalia kwa furaha: Mungu amesikia! Padri wao ni mgonjwa, na keshokutwa Alida anaolewa. Na nani? Na Nduwayo! Wanakuja kesho kwa basi. Akaniomba niwafungishe ndoa. Nilitaka kusema kweli, lakini majirani walishaanza kupiga makofi. Nikakubali.

Ijumaa, 10 Julai. Nyanza, nyuma ya zizi.
Alida alinitambua aliposhuka tu. Hakupiga kelele. Alinivuta pembeni.
“Cyriaque, wakikugundua watasema wewe ni mpelelezi. Hawatangoja ujieleze. Nenda, nakuomba.”
Nilipomtazama, nikaona ananiogopea kweli. Nusura nilie.
Nimetafakari sana. Kosa ni moja: upadri. Padri huvuta wenye dhambi na maharusi. Mchinjaji wa sokoni ameniuzia koti lake jeupe. Lina damu kidogo, vizuri zaidi. Kesho narudi Kigali nikiwa daktari. Nani atamsumbua daktari, katika nchi yenye wagonjwa wengi hivi?