Uzinduzi wa Jengo la Kuta Sambamba

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, ambaye hakuja lakini kiti chake kimekuja, Mheshimiwa Padri, Mheshimiwa Naibu wa Naibu wa Elimu, ambaye ni mimi hapa, nawe Profesa Deidamia Rolón, mwalimu wa jiometria, wanachuo wa Chuo cha Walimu cha Potrero Morado, mama muuza mikate ya chipa, punguza sauti kidogo, ndugu wananchi, mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo! Sauti: Jua linatuua, mzee!)

Jua nalo limo kwenye mpango kazi. Mimi, Heriberto Wilfrido Ocampos, mwenye diploma nne na cheti kimoja cha kuhudhuria, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao umepimwa na kuonekana kuuzidi ule wa mtangulizi wangu kwa asilimia thelathini na saba, ili kuzindua, kufungua na, kwa namna ya kipekee, kukabidhi Jengo la Jiometria na Uthibitisho, ambalo mnaliona nyuma yangu. (Watu wananyoosha shingo. Nyuma yake kuna udongo mwekundu, ng'ombe wa jirani, Doña Perla, na utepe uliofungwa kwenye vijiti viwili.) Msitazame kwa macho, ndugu zangu, macho yana upeo mdogo. Tazameni kimkakati.

Kwa miaka mitatu, kupitia mchakato shirikishi wa vikao arobaini na kimoja, thelathini na tisa kati yavyo vikiwa vya chakula, tulijiuliza kwa nini vijana wetu wanafeli jiometria, na wataalamu wakatujibu kwamba wanasomea bandani, na mvua ikipiga bati, uthibitisho hausikiki. (Kweli hiyo!) Ndiyo maana jengo hili lina kuta mbili ndefu, sambamba kabisa, kwa viwango vya kimataifa, na kuta hizo mbili zinakutana, kwa heshima zote, kwenye mlango mkuu. (Kicheko kwa wanachuo. Kikombe cha tereré, chai ya baridi inayopitishwa mkono kwa mkono, kinasimama njiani. Profesa Deidamia anafunika uso kwa kofia.) Chekeni kwa furaha, ni haki yenu! Mimi mwenyewe nimepita mlango huo.

Na ndani, akina mama, kuna chumba cha watoto! Vitanda kumi na viwili na feni! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza: kwa kuwa chumba cha watoto kipo, kuanzia Jumatatu ni marufuku mwanachuo kuingia darasani na mtoto. Atakayeingia naye anafutwa kozi. (Katika safu ya pili anasimama Zunilda Brítez, mtoto kamlalia begani: "Mheshimiwa, Jumatatu nina mtihani wa jiometria. Huyu namwacha wapi?") Chumbani, mama. ("Na kama chumba hakipo?") Kisipokuwepo, mama yangu, basi na marufuku haipo, sisi si watu wa kuonea watu. Lakini kipo. ("Naomba nithibitishe.") Thibitisha! Mnaona matunda ya mradi? Mpeni kipaza sauti, mpokeeni mtoto. ("Mtoto aacheni. Mkimwamsha atalia, na akilia hamtanisikia.")

("Siongezi neno langu. Nachukua ya Mheshimiwa, na yale tuliyoyapokea darasani siku ya kwanza. Tuchukulie jengo lipo, kama alivyolieleza. Kuta zake mbili ni sambamba, kasema. Mistari sambamba haikutani, hata uirefushe mpaka Brazil. Lakini mlangoni zinakutana, kasema. Haziwezi kukutana na zisikutane. Basi tulikosea pale mwanzo, tulipochukulia kwamba lipo. Jengo hili halipo. Chumba kimo ndani ya jengo, kwa hiyo na chumba hakipo. Na marufuku, kwa kauli yake mwenyewe, haipo." Makofi. Sauti: Mzee, jiokoe, sema kuta si sambamba!)

Siwezi! Usambamba wa kuta upo ukurasa wa tisa wa ripoti, na ripoti nimeitia saini! (Sauti: Basi sema hazikutani!) Hilo lipo ukurasa wa kumi! (Profesa Deidamia anasimama: "Hatua zote zimekaa sawa, Zunilda. Jumatatu saa mbili, binti, uje naye. Na maziwa yake." Makofi mpaka ng'ombe anasogea.)

Nami napiga makofi, kwa sababu mafanikio haya ni ya ofisi yangu: jengo halijamaliza hata saa moja tangu lifunguliwe na tayari mwanachuo amefaulu ndani yake, sawa na asilimia mia moja ya waliojaribu. Mistari minyoofu! (Oyee!) Uthibitisho! (Oyee!) Jengo! (Halipo!)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mchoraji wa ramani, tutakayemtafuta. Namshukuru fundi, tutakayemtangaza. Nawashukuru wafadhili, tutakaowaandikia barua. Na kwa dhati namshukuru Doña Perla kwa kiwanja hiki, ambacho nimenong'onezwa sasa hivi kuwa ni malisho yake na hajawahi kuombwa. (Doña Perla: "Na huo utepe uondoe, ng'ombe wangu ataumeza!") Utaondolewa, mama, utaondolewa. Asanteni sana. Sasa, kwa itifaki, napaswa kutoka kwanza. Jamani, mlango uko upande gani?

(Umati kwa sauti moja: Popote, mzee! Pita popote!)