Sista Séverine na Straiki ya Montreal

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Gari la zahanati ya misheni halina dereva tangu mzee Lyamba astaafu. Anayeamua ni Sista Séverine, Mkanada wa Montreal. Leseni ninayo. Isidori, fundi baiskeli, naye anayo, na kazi tunaitaka wote wawili. Ila mimi nimegundua kitu: Sista ana timu anayoishabikia, ya kwao Montreal. Mchezo unaitwa besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa rungu na kukimbia. Nimemwambia Montreal naishabikia tangu utoto. Kashtuka. Na mimi nimeshtuka, nilikuwa sijui kama nitasema hivyo.

Jumatano, 10 Agosti
Sista kanipa magazeti ya Juni, katumiwa na kaka yake. Nimekariri namba za wapigaji wote. Mke wangu Marsela kaniuliza kama kuna namba ya fundi wa choo humo, maana chetu kimetitia. Nimejifunza pia straiki: mpira ukirushwa vizuri, mpigaji akaukosa. Jambo jema sana kwa mrushaji.
Isidori kaulizwa na Sista, kajibu mchezo huo hajawahi kuusikia. Nimemhurumia. Jioni nimemwapia mbele ya watu wa stendi: Montreal wasipochukua ubingwa, baiskeli yangu aichukue.

Jumamosi, 13 Agosti
Sijatulia bado. Asubuhi redio ilikuwa inakatika, ila Kiingereza changu kilinasa: besiboli, wachezaji wote, straiki. Wachezaji wote! Nimekimbia kutoka nyumbani Nsemulwa hadi zahanati, kiatu kimoja kimebaki njiani. Nimempongeza Sista. Nimewaambia wagonjwa wapige makofi. Wamepiga, hata yule wa dripu.
Sista alikuwa analia. Kanieleza kwa upole kwamba straiki hii siyo ile. Ni mgomo. Wachezaji wanagombana na wenye timu.
“Tumeshinda mechi sabini na nne, Erasmus,” akasema. “Hakuna timu iliyotufikia. Na sasa hakuna anayecheza.”
Mtu anaajiriwa kucheza, halafu anagoma kucheza? Nimekaa chini pale pale, kwenye foleni ya wajawazito.

Alhamisi, 15 Septemba
Msimu umefutwa. Bingwa hakuna. Isidori kafuata baiskeli. Nimemwambia hakuna aliyeshindwa, lakini watu wa stendi wanakumbuka neno langu: wasipochukua. Kaondoka nayo.
Udereva pia kapewa yeye. Nimemuuliza Sista sababu. Kasema njia ya Karema ni mbaya, na akiwa na mgonjwa nyuma anataka dereva ambaye asipoijua njia atasema haijui. Nimerudi Nsemulwa kwa miguu.

Jumapili, 18 Septemba
Nimetafakari misa nzima. Kosa langu nimeliona: nilichagua mchezo mbovu. Montreal wana timu nyingine, ya magongo juu ya barafu, msimu unaanza Oktoba mosi. Nimemweleza Sista kwamba moyo wangu hasa uko huko, na kwamba marehemu babu alikuwa anaucheza Ikola, ziwani. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena, kaniangalia. Nadhani kaguswa.
Na Isidori tumewekeana tena: Montreal wasipochukua ubingwa, redio yangu ni yake. Jana hiyo redio ilisema wenye timu za barafu wanatishia kufunga milango; bila shaka ni baridi. Watu wa barafu hawagomi.